Mawe Chini ya Nyumba ya Velda

Nyumba ya akina Velda Yearwood ilijua kutembea kabla Velda mwenyewe hajajua. Baba yake, Hallam, alikwenda Panama kuchimba mfereji, akarudi na pafu bovu na fedha za kutosha kununua mbao za paini, zile nzito ambazo mchwa akizing'ata hujuta. Akajenga vyumba viwili vya paa la mgongo, dirisha kila upande, na kibanda cha jiko nyuma. Hakupigilia msumari mahali ambapo kigingi cha mti kingetosha. Kila ubavu wa nyumba ulikuwa kipande kimoja kinachong'oka kizima, na nyumba yote ilikaa juu ya mawe ya matumbawe yaliyopangwa bila chokaa, kama chungu juu ya mafiga.

Alijenga hivyo kwa sababu ardhi haikuwa yake. Upande wetu wa Barbados ardhi yote, kutoka ukuta wa kanisa hadi ukingo wa bonde, ilikuwa ya Shamba la Mount Pelling, na mwenye Shamba alikaa Uingereza ambako miwa haioti. Sisi tulipewa mahali pa kusimamisha nyumba, kwa sharti kwamba kila aliyemo humo atalima na kukata miwa ya Shamba na si ya mwingine. Ukimjibu nyapara vibaya, ukiugua kwa muda mrefu, ukionekana kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi, unaambiwa uondoe nyumba yako. Basi unaifungua vipande, unaipandisha kwenye mkokoteni, unakwenda kumnyenyekea bwana mwingine akupe mahali pengine. Na chochote ulichokishikiza ardhini, kiwe ukuta, kiwe kisima, kinabaki kwa mwenye ardhi.

Hayo ndiyo waliyotuachia walipotufungua minyororo. Waliolipwa fidia siku ile walikuwa mabwana, kwa hasara ya kutupoteza. Babu zetu hawakupewa hata uwanja wa kuanikia nguo.

Mimi ni Eurita Boyce, jirani wa Velda tangu utotoni. Tulianza kazi pamoja katika genge la tatu, genge la watoto, tuking'oa magugu na kubeba samadi kwenye vikapu. Tulipokua tukabebeshwa miwa kichwani kama wanawake wote. Velda alikuwa mfupi, mwenye shingo nene ya mizigo na ulimi usiokubali kukaa ndani. Alikunywa chai bila sukari maisha yake yote. Ukimuuliza anakwambia sukari ameshaibeba ya kutosha. Alizaa mtoto mmoja, Winfield, na baba wa huyo mtoto akaenda Curaçao kwenye kazi za mafuta akasahau njia ya kurudi. Velda hakutoa chozi. Alisema afadhali, maana nyumba ilikuwa ndogo na yule mtu alikuwa na miguu mirefu.

Nyumba ile ilihama mara tatu Hallam akiwa hai. Mara moja ni kwa sababu hakuvua kofia mbele ya mke wa meneja. Mvua ilikuwa inanyesha, mtu ana pafu bovu, lakini hilo halikuwa na uzito. Huku kwetu nyumba ikihama hakuna anayelipwa. Mwenye nyumba anapika, watu wanakuja, na ukishakula chakula cha nyumba inayohama, mikono yako ni yake mpaka kigingi cha mwisho kirudi mahali pake mpya. Hata adui yako akionja kijiko kimoja tu, basi amekwisha, atabeba mbao. Sijapata kumwona mtu aliyekula akaondoka. Hata wezi wetu hawakufanya hivyo.

Hallam alipokufa alimwachia Velda nyumba na nyundo yake ya mti mgumu ya kugongea vigingi. Ilikuwa ikitundikwa nyuma ya mlango, na kila mwezi aliipaka mafuta isipasuke, kwa sababu huwezi kujua ni lini utaambiwa ondoka. Velda naye akaendelea kuipaka. Dada wa mama yake naye alimwachia kipande cha ardhi kule juu, Marl Ridge, majabali matupu ambayo Shamba fulani liliwauzia weusi zamani kwa sababu muwa usingeshika mizizi. Karatasi yake ilikuwa halali na ina jina la Velda. Lakini kule hakukuwa na maji, na aliyekaa nje ya Mount Pelling hakupewa kazi Mount Pelling. Kwa hiyo ile karatasi ilikaa ndani ya Biblia, na Velda akabaki bondeni.

Kisha kikaja kimbunga Janet. Upepo uliinyanyua nyumba kutoka kwenye mawe yake ukaibwaga ubavu, Velda na mama yake mkongwe wakiwa ndani. Nyumba haikuvunjika, Hallam alijua kujenga. Mama ndiye aliyevunjika nyonga, akalala muda mrefu akiugulia, akafa bila kusimama tena. Jumba la Shamba, lile la mawe na chokaa lenye kuta nene, lilipoteza vigae kidogo tu. Kuta zile walizijenga babu zetu. Walijua kabisa namna ya kujenga nyumba isiyotikisika, ila walikatazwa kujijengea wenyewe. Tulimzika bibi wa watu, na nikarudi nyumbani nikipiga mateke kila jiwe njiani.

Tangu siku hiyo Velda alikuwa na wimbo mmoja, saruji. Alitaka msingi wa saruji chini ya nyumba ya baba yake, na boriti za chini zifungwe humo kwa bolti, ili upepo ukija ukute wenyewe. Winfield alikuwa London akikatisha tiketi kwenye mabasi, na alipoweza alituma chochote. Miaka ikapita vitu vikikusanywa. Ulipokaribia mwaka wa bendera, mwaka tulioambiwa kwamba Mwingereza anaondoka na nchi ni yetu, Velda akamsimamisha meneja, Bwana Penfold, aliyekuwa anapita na farasi wake. Huyo Penfold mama yake alikuwa hajamzaa wakati sisi tunabeba samadi, lakini alimwita Velda kwa jina tupu, na Velda alimwita bwana. Akamweleza habari ya msingi.

"Fanya unavyopenda, Velda," akasema, wala hakusimamisha farasi vizuri. "Nyumba si ni yako?"

Velda alikuja kwangu uso unameremeta. Mimi moyo haukutulia, lakini nilinyamaza, maana ungesema nini mbele ya furaha ile? Aliyesema ni fundi muashi, Seibert Gittens. Alikuja na mwiko wake, akaizunguka nyumba, akajikuna kisogo, akamuuliza Velda kama anaelewa kwamba simenti ikishashika haiombwi radhi.

"Bendera yao inashuka, Seibert," Velda akamwambia. "Wewe unamwogopa nani sasa?"

"Bendera inashuka, Bi Velda. Ardhi bado iko mfukoni mwao."

"Changanya simenti, mwoga wewe, kabla sijamwita mwanamume mwingine."

Seibert akachanganya. Tuliinyanyua nyumba kwa magogo, tukaondoa mawe, akamwaga msingi na kuzifunga boriti kwa bolti ndefu. Velda aliyatupa mawe yale nyuma ya choo kwa mikono yake, moja moja, akiyatukana. Bendera ilipopandishwa mwezi wa Novemba, tulikaa kwenye ngazi yake mpya tukala keki. Aligonga kisigino kwenye saruji akacheka kwa mabega, namna yake. Nilidhani na mimi nitafanya hivyo mwakani.

Mavuno ya miwa yalipoanza, Penfold akarudi. Safari hii alisimamisha farasi vizuri sana. Alisema Shamba linapanua mazizi ya farasi wa polo, na mahali pale panahitajika. Velda akashusha pumzi. Alikuwa na karatasi yake ya Marl Ridge. Akasema ikiwa ni hivyo atangoja Jumamosi watu wapate nafasi, ataiondoa nyumba yake. Penfold akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemkataza mtoto peremende.

"Utaondoka wewe, Velda. Nyumba imeshikamana na ardhi, na kilichoshikamana na ardhi ni cha Shamba. Hizo mbao nzuri zitafaa kwa mazizi."

Nilikuwa nimesimama uani kwangu na kapu la nguo, nikasikia kila neno. Velda aliishika nguzo ya mlango akaitazama ile saruji chini ya miguu yake. Mbao ambazo baba yake alizinunua kwa pafu lake zikawakinge mvua farasi wa kuchezea mpira. Farasi wangekuwa na makazi ya kudumu. Nilitaka kumrushia yule mtu kapu la nguo pamoja na maji yake, na ninachojutia ni kwamba kapu lilikuwa zito.

Tulikwenda Bridgetown kwa wakili, Velda amevaa kofia ya kanisani. Wakili alikuwa mweusi kama sisi, viatu vinang'aa, na niseme ukweli hakutudharau. Alituketisha, akasikiliza, akauliza kama kulikuwa na shahidi wa maneno ya Penfold. Hapakuwa na shahidi ila farasi. Basi akatueleza, akitazama meza, kwamba ndivyo sheria ilivyo, ilitoka Uingereza na imebaki pale pale. Nyumba ikikaa juu ya mawe ni mali ya kubebeka, ni ya mtu. Ikifungwa kwenye saruji imekuwa ardhi.

"Na huu wimbo wetu mpya wa taifa?" nikamuuliza.

"Wimbo hauhusiani na viwanja, mama," akanijibu.

Njiani Velda alisema neno moja tu. Alisema babu wa babu yake aliuzwa pamoja na meza na ng'ombe wa Shamba kwa sababu alikuwa kitu cha kubebeka, na sasa nyumba yake inachukuliwa kwa sababu haibebeki. "Hawa watu," akasema, "wakitutaka tuwe mzigo tunakuwa mzigo, wakitutaka tuwe jiwe tunakuwa jiwe." Kisha akafunga macho mpaka basi lilipotushusha.

Velda akapewa siku chache za kutoa vyombo vyake. Nyapara alipita nyumba hadi nyumba akitafuta watu wa kuibomoa, akaahidi ujira mzuri kuliko wa kukata miwa. Kila aliyemwendea aliishi kwa hisani ya Shamba, angeweza kufukuzwa kesho yake. Huyu akamwambia ana mgongo. Yule akasema mama mkwe anaumwa. Seibert akasema mikono yake imevimba, akamwonyesha mikono mizima kabisa. Hakuna hata mmoja aliyekubali, na katika maisha yangu yote bondeni pale siku hiyo ndiyo niliyojivunia zaidi jirani zangu. Lakini hilo halikuwa dawa. Penfold aliagiza genge kutoka St. Lucy, kaskazini kule, watu wasiomjua Velda wala baba yake. Wangekuja Jumamosi na lori la Shamba, na mbao zingepelekwa moja kwa moja uwanjani kwa meneja. Yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa na mchezo wake wa polo.

Jumamosi asubuhi nilisikia harufu ya kitunguu. Nikatoka, nikamkuta Velda uani na masufuria makubwa matatu, mengine ya kanisa. Alikuwa anasonga ugali wa mahindi na bamia kwa mwiko mrefu, jasho linamtiririka. Pembeni kulikuwa na samaki wa mchuzi, shelisheli la kuchoma na jagi la maji ya limau. Nikajua mwenzangu amepatwa na wazimu.

"Velda, unawapikia watu wanaokuja kukubomolea?"

"Nani kakwambia wanakuja kubomoa?" akasema, wala hakuacha kusonga. "Shika hizi sahani, Eurita. Mdomo utautumia baadaye."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila kitu kilikuwa kwenye sahani zile. Wakila, nyumba ya Hallam itahama. Wasipokula, itakuwa zizi kabla ya jioni. Na watu wanaolipwa na Shamba kwa nini wale?

Lori lilifika likiwa na wanaume kama kumi, na nyundo za chuma na mitaimbo. Dereva, mtu mnene aitwaye Holder, alishuka akanusa, na kabla ya kumaliza kusalimia alikuwa ameshapokea sahani na kutia tonge mdomoni. Yule nilimpenda papo hapo. Lakini msimamizi wa genge, Lisle Cumberbatch, mrefu, kimya, mwenye kovu la panga kwenye kiganja, aliyaona masufuria, akaiona nyumba, akawanyooshea wenzake mkono.

"Msile," akasema.

Walisimama. Wote walikuwa watoto wa nyumba za kuhama, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Holder alitafuna polepole zaidi, lakini lililoingia lilikuwa limeshaingia. Lisle alivua kofia akamwambia Velda kwa adabu kwamba hana ugomvi naye. Ana watoto. Akiondoka pale bila mbao, hakuna shamba litakalompa kazi tena, na Mama anajua hivyo vizuri kuliko yeye.

Velda alijifuta mikono kwenye aproni. Hakumlilia wala hakumlaani. Alikwenda ukutani akaweka kidole kwenye kigingi kimoja, akamwambia kila kigingi pale kilichongwa na mtu ambaye usiku hakuweza kulala chali kwa kukosa pumzi. Kisha akamgeukia.

"Mama yako aliwahi kuhamishwa mara ngapi, mwanangu?"

Lisle alikuwa anakitazama kile kigingi. Mimi nilikuwa nimeishika sahani kwa nguvu mpaka vidole vinauma, na mchuzi unanimwagikia.

"Mara nne," akasema. "Ya mwisho alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Alijifungulia kwenye mkokoteni."

"Basi kaa ule," Velda akamwambia. "Ugali wangu ukipoa hauna maana."

Lisle akakaa kwenye ngazi ya saruji, akanyoosha mkono, nikampa sahani niliyoishika. Akala. Wenzake walipoona wakaja kama nzige. Masufuria yalipoanza kukwanguliwa, Lisle akapangusa mdomo, akasimama, akamuuliza Velda swali ambalo nimelisikia mara nyingi maishani, lakini siku hiyo nilitaka kulisikia kuliko maneno yote ya duniani.

"Haya, Mama. Tunaipeleka wapi nyumba?"

Velda akaingia ndani akatoka na nyundo ya Hallam, akampa.

Kuanzia hapo bonde zima lilitoka lilikojificha. Yule wa mgongo akapanda juu ya paa. Yule wa mama mkwe akaleta kamba. Mabati yalishuka, mbavu za nyumba zikang'oka moja baada ya nyingine nzima nzima, vigingi vikakusanywa kwenye ndoo. Boriti za chini ndizo zilizokataa. Seibert alizifunga vizuri mno, masikini. Alijaribu bolti mpaka machozi yakamtoka, na mwisho ikabidi zikatwe kwa msumeno, mbao bora kuliko zote alizonunua Hallam. Zilibaki zimeng'ata saruji ya Shamba. Velda aligeuza uso msumeno ulipokuwa unapita.

Lori la Shamba, likitumia mafuta ya Shamba, likiendeshwa na Holder aliyekuwa ameshiba na anaimba, liliibeba nyumba ya Velda hadi Marl Ridge. Sisi wanawake tulifuata nyuma na vyombo kichwani. Velda alibeba kioo chake na Biblia. Nimecheka mara nyingi nikikumbuka safari ile, na kila nikicheka hunijia Lisle, maana yaliyompata ni yale yale aliyoyataja. Jina lake lilizungushwa kwenye mashamba yote, hakuitwa tena mahali. Mwaka uliofuata aliwaacha watoto wake kwa mama yao akaenda Uingereza kutafuta riziki, huko huko kwa waliomfukuza. Lile ndilo jambo ambalo siwezi kulisamehe.

Kule juu, Seibert alikuwa na mifuko ya saruji iliyobaki, ameileta kwa hiari yake. Alikuwa na aibu kana kwamba kosa ni lake. Akamwambia Velda kwamba hapa ni pake, jina lake liko kwenye karatasi, atamwagia msingi bure kabisa, kesho yake asubuhi. Watu wote waliitikia. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote. Velda alitutazama tulivyozubaa mle kwenye majabali.

"Tafuteni mawe," akasema.

Tukatafuta mawe. Yalikuwa tele, Mungu anajua. Lisle aliyapanga, tukalaza magogo mahali pa boriti zilizobaki bondeni, tukafunga mbavu, na jua likiwa linazama kigingi cha mwisho kilikuwa mahali pake.

Jumatatu Penfold alipanda Marl Ridge na konstebo, kijana mweusi aitwaye Trotman, kofia yake bado mpya. Penfold alitaka mali ya Shamba. Trotman aliizunguka nyumba, akainama, akapitisha fimbo yake kati ya mawe na sakafu, ikatokea upande wa pili wa jiwe. Akasema yeye anaona nyumba ya kubebeka, na hajui bwana anazungumzia ipi iliyoshikamana. Penfold alitishia mahakama. Lakini ulikuwa mwaka wa kwanza wa bendera, magazeti yalikuwa na njaa ya habari za namna hiyo, na nadhani waliokaa Uingereza walimwambia anyamaze. Mazizi yake aliyajenga kwa mbao za kununua. Mpaka leo yapo.

Unaweza kusema basi mawe yale yalimwokoa, na Velda mwenyewe alipenda kusema hivyo akitaka tusimsumbue. Lakini miaka ilikwenda, Penfold akazeeka akaondoka, na Velda bado alikuwa juu ya mawe. Winfield alirudi kutoka London na akiba yake na mgongo uliochoka, akaleta mchoro wa nyumba ya kuta, choo cha ndani, baraza. Mama yake aliutazama mchoro, akausifu, akamwambia ajenge pembeni akitaka. Nyumba ya Hallam isiguswe. Nilipanda Marl Ridge kugombana naye. Nikamwambia mwenzangu, tumezeeka, upepo ukija utakutupa bondeni kama ulivyomtupa mama yako, na hii ardhi ni yako, yako kabisa, unaelewa?

"Naelewa," akasema.

"Sasa unangoja nini?"

Alizungusha chai yake isiyo na sukari. "Na wakirudi?"

Sikumuuliza ni nani hao. Nilikasirika, na sikumkasirikia yeye. Mwanamke aliyempokonya meneja nyumba mchana kweupe kwa ugali na bamia, akiwa na karatasi halali ndani ya Biblia, alikuwa analala kila siku kwenye ardhi yake mwenyewe kama mtu aliyeazimwa. Walikuwa wamemwingia kiasi hicho.

Alikufa kitandani, kwa amani, kama wanavyosema watu wa kanisa. Tulipokuwa tunamwosha niliufunga mlango kuzuia upepo, nikaona nyundo ya Hallam imetundikwa nyuma yake. Ilikuwa inang'aa. Mafuta yalikuwa bado mabichi, yakanipaka vidole. Alikuwa na umri wa kutoweza kufunga vifungo vya gauni lake, na bado alikuwa ameipaka.

Winfield alitaka kuichoma pamoja na takataka nyingine. Nikaiomba. Yeye amejenga kuta zake sasa, na vizuri. Mimi sikuachiwa majabali na dada wa mama. Bado nipo bondeni, Shamba limeuzwa kwa watu wa hoteli, na wiki iliyopita walikuja vijana wenye vyombo vya kupimia wakasimama uani kwangu bila kubisha hodi. Nyundo iko nyuma ya mlango wangu. Jana nimeipaka mafuta.